Mizania si urari

Mizania ni ndugu wa mizani. Asili ya maneno haya ni Kiarabu. Kwa mhasibu, mizania ni taarifa inayoonyesha hali ya fedha katika siku moja: upande mmoja mali, upande wa pili madeni na mtaji. Pande hizo lazima zilingane.

Urari ni kitu kingine. Ni orodha ya masalio ya akaunti zote, debiti na krediti, inayokaguliwa kabla mizania haijaandaliwa.

Programu nyingi za uhasibu humruhusu mtumiaji kubadili vichwa vya ripoti hizi na majina ya akaunti, kuongeza safu ya mwaka uliopita na kuficha akaunti zisizo na salio. Mhazini wa chama cha akiba na mikopo (SACCOS) aitumie nafasi hiyo: aandike “Mikopo kwa wanachama”, “Akiba za wanachama” na “Hisa”. Hapo mwanachama ataona kwamba akiba yake ni deni la chama, na hisa yake ni mtaji.

Kila ripoti iitwe kwa jina lake, na kwa lugha wanayoielewa wenye fedha.