Chakula cha Usiku Kwenye Meli ya Kitalii: Je, Nguo za Kawaida Zinafaa?

SWALI:

Mimi ni mama, nakaa Unguja, umri wangu umeshapita miaka sitini. Kijana wangu anayefanya kazi Uingereza ametualika mimi na baba yake safari ya siku saba kwa meli ya kitalii, na pesa ameshalipa. Sasa ameniambia kuna siku mbili ambazo usiku watu huvaa rasmi: wanaume suti nyeusi, wanawake magauni ya usiku. Asiyevaa hivyo haingii ukumbini. Mkewe ameninunulia gauni zuri, lakini mikono ni mifupi na kifua kiko wazi. Mwanangu ananiambia: “Mama, ni siku mbili tu. Na wewe mtu mzima, dini imekuruhusu.” Baba yake naye anasema suti hanunui, atakwenda na shati lake na kandambili. Sitaki kumvunja moyo mwanangu. Nifanye nini?

JAWABU:

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Mama yetu, swali lako wanaliuliza wengi siku hizi, kwani watoto wetu walioko Ulaya na Ghuba wamekuwa wakiwachukua wazee wao safari kama hizi. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa urefu ili familia nyengine nazo zifaidike.

Jawabu kwa ufupi

Nguo za kawaida zinajuzu kuliwa nazo chakula popote, maadamu zina sitara na tohara. Sheria haimlazimishi Muislamu kuvaa suti wala gauni la usiku. Lakini aliyekata tiketi ya meli yenye sharti la mavazi amekubali sharti hilo, basi ama alitimize kwa njia ya halali, ama ale katika ukumbi usiokuwa na sharti hilo. Gauni ulilotuelezea halijuzu kuvaliwa mbele ya wanaume wa kando, hata kwa usiku mmoja, na umri wako haulifanyi kuwa halali. Na njia ya kutokea ipo, tena ni nyepesi, kama tutakavyoeleza.

Meli hizi zinataka nini hasa

Watu wengi hudhani kila meli ya kitalii ni suti na magauni. Sivyo. Kampuni ya Norwegian Cruise Line tangu mwaka 2000 ilijitangaza kwa mtindo wa kula bila ya kulazimisha mavazi rasmi. Kampuni nyengine, kama Royal Caribbean, huwa na siku za nguo za kawaida na siku chache za mavazi rasmi. Kampuni ya Cunard, yenye meli ya Queen Mary 2, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kushikilia utaratibu wa zamani, na katika usiku wake wa sherehe hutaka koti jeusi au suti ya rangi nzito pamoja na tai. Lakini hata Cunard, pamoja na ukali wake, inakubali vazi rasmi la taifa la mtu.

Jambo la pili la kujua ni kwamba meli kubwa huwa na kumbi nyingi za chakula. Sharti la vazi rasmi kwa kawaida ni la ukumbi mkuu. Ule ukumbi wa kujipakulia mwenyewe huwa wazi kwa mtu aliyevaa shati na suruali ya heshima, na mara nyingi mtu anaweza pia kuletewa chakula chumbani kwake. Yanayokatazwa karibu kila meli katika ukumbi mkuu wakati wa usiku ni nguo za kuogelea, singlendi, kapelo, na kuingia miguu mitupu. Kaptura na kandambili pia hukataliwa mahali pengi.

Asili ya vazi katika sheria

Kanuni ya wanavyuoni ni kwamba asili ya mavazi ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Allah (S.W.) katika Suratul A'raf, aya ya 26, ametutajia neema ya nguo kwa mambo mawili, kusitiri tupu na kujipamba, kisha akatukumbusha kwamba vazi la ucha Mungu ndilo bora zaidi. Kwa hiyo nguo ina kazi mbili, na ya kwanza haivunjwi kwa ajili ya ya pili.

Wala si sharti nguo iwe imeshonwa na Waislamu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa safarini alivaa juba la Sham lenye mikono myembamba, hata ilipofika kutawadha akalazimika kuitoa mikono yake kwa chini. Na Sham wakati huo ilikuwa chini ya Warumi. Kutokana na hadithi hii na mfano wake tunafahamu kwamba kujifananisha na wasiokuwa Waislamu kulikokatazwa ni katika yale yanayohusu dini yao na alama zao makhsusi. Suti na tai leo huvaliwa na watu wa kila dini, kwa hiyo hatuoni tatizo katika asili yake.

Sharti la meli ni ahadi

Hapa tunamgeukia baba. Mzee wetu, si dhambi kula kwa shati na kandambili. Lakini imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kwamba Waislamu wanasimama katika masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kununua tiketi ni mkataba. Kama kampuni imeandika kwamba ukumbi fulani usiku fulani ni wa mavazi rasmi, basi kuingia kwa kandambili na kubishana na mhudumu mlangoni ni kuvunja ahadi, na ni kumuaibisha mtoto aliyekukirimu. Hutaki sharti? Kula ukumbi mwengine, na hutakuwa umepungukiwa na kitu katika dini yako.

Sharti likigongana na sitara

Lakini mkataba hauwezi kumvua Muislamu sitara yake. Sharti la namna hiyo linaanguka, kwani hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, awe ni nahodha, awe ni mwajiri, awe ni mtoto mpenzi.

Wengine husema mwanamke mtu mzima amepewa ruhusa, na wanakusudia Suratun Nur, aya ya 60. Aya hiyo ni kweli imewapa wepesi wanawake wazee wasiotaraji ndoa, kwamba hawana dhambi kuweka kando nguo zao. Lakini wafasiri wamebainisha kwamba makusudio ni vazi la juu, yaani lile joho au shuka linalovaliwa juu ya nguo nyengine, si kuacha wazi kifua na mikono. Tena aya yenyewe imeweka sharti, wasiwe wenye kuonesha mapambo, kisha ikamaliza kwa kusema kujihifadhi ni kheri kwao. Gauni la usiku limeshonwa kwa ajili ya kuonesha pambo. Basi vipi aya iliyokataza kuonesha pambo itafanywa ushahidi wa kulivaa? Mwanetu amechukua nusu ya aya na akaiacha nusu yake.

Wanaume wavae nini

Tunawashauri wazee na vijana wetu wasisahau kwamba wana vazi rasmi la kwao. Kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya viua, koti au joho juu yake, na viatu vya heshima: hilo ndilo vazi la Baraza la Iddi na la kuozeshea. Kwetu sisi hilo si vazi la kawaida. Vazi la kawaida ni msuli na fulana ya barazani. Kwa hiyo mzee aliyevaa kanzu na koti amevaa rasmi, na kampuni zinazokubali vazi la taifa humpokea. Kampuni iandikiwe kabla ya safari, ielezwe kwamba kofia ni sehemu ya vazi hilo, na majibu yao yawekwe kwenye simu. Mhudumu wa mlangoni akisita, ataoneshwa.

Anayependa suti naye avae, lakini aangalie mambo haya:

1. Hariri halisi ni haramu kwa wanaume, na hukumu hiyo inagusa tai ya hariri tupu. Ama koti jeusi la jioni lenye ukosi unaong'aa, mara nyingi siku hizi mng'aro huo ni nyuzi za viwandani na si hariri, na hilo halina neno. Kama ni hariri kweli, wanavyuoni wameruhusu pambo la ukingoni lisilozidi upana wa vidole vinne, kwa hadithi ya Umar (R.A.) iliyomo katika Sahih Muslim. Soma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya nguo.
2. Vifungo vya mikono, saa na pete za dhahabu ni haramu kwa mwanamme. Pete ya fedha inajuzu.
3. Suruali isiwe ya kubana mpaka ikachora tupu.

Na tunawakumbusha akina baba jambo ambalo hughafilika. Uchi wa mwanamme ni baina ya kitovu na magoti. Utamkuta mtu anamkagua mkewe mtandio umekaaje, naye kavaa kaptura, akikaa tu mapaja yote nje. Hukumu ya sitara haikuwekwa kwa mwanamke peke yake.

Wanawake wavae nini

Kinachotakiwa ni vazi linalofunika mwili wote, angalau isipokuwa uso na vitanga vya mikono kwa kauli ya wanavyuoni wengi, lisiloonesha ngozi wala kubana umbo. Buibui safi jeusi, au gauni refu pana la mikono mirefu pamoja na mtandio, linafaa kuvaliwa katika ukumbi rasmi, kwani ni vazi la heshima kwa watu wetu kama kanzu ilivyo kwa wanaume. Hariri na dhahabu ni halali kwa mwanamke, lakini pambo lenyewe halioneshwi kwa wasiokuwa maharimu. Na manukato ya kuwafikia wanaume yaachwe.

Ama gauni lililokwisha kununuliwa, mama yetu, si lazima lirudishwe kwa aibu. Likiwa linatosha, livae chumbani mbele ya mumeo au katika mkusanyiko wa wanawake watupu usiokuwa na fitna, kwa kiasi kinachojuzu. Na kama fundi anaweza kulitia mikono mirefu na kuliziba kifua, na likawa pana, basi livae na mtandio wake, na mkwe wako afurahi.

Kupendeza bila ya israfu

Uislamu hauhimizi uchakavu. Katika Abu Daud imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimuona mtu aliyevaa nguo duni, akamuuliza kama ana mali. Alipojibu kwamba anayo ya kila aina, akamtaka athari ya neema ya Allah ionekane juu yake. Lakini kununua suti ya bei kubwa kwa usiku wawili, na kwenu kuna deni au mtoto hajalipiwa ada ya skuli, huo ni ubadhirifu. Aya ya 31 ya Suratul A'raf imekusanya pambo, chakula na katazo la israfu mahali pamoja. Iliyopo ikifuliwa na kupigwa pasi inatosha.

Tuna kipimo chepesi: nguo unayokwenda nayo mezani iwe ni ile ambayo ukitoka hapo unaweza kusimama ukaswali nayo bila ya kubadilisha.

Vazi si jambo pekee

Haitokuwa sawa tukajadili nguo na kukinyamazia chakula chenyewe. Nyama ya halali iulizwe kabla ya kupanda meli, kwani kampuni nyingi hupokea maombi ya chakula mapema, na pasipo hakika samaki na mboga zipo. Iombwe meza ya familia peke yenu, maana imepokewa katika Tirmidhi katazo la kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Na pichagueni zamu ya chakula isiyokupotezeeni Magharibi. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, lakini hana ruhusa ya kuziacha. Anayepanga safari upya ajue kwamba tangu Disemba 2024 kuna meli ya AROYA, kampuni ya Saudia iliyoanza kusafirisha watu kutoka Jeddah, ambayo haina pombe.

Neno la mwisho kwa mama na mwanawe

Mama yetu, usiivunje safari. Mwanao amekusudia wema, na wema huo mpokelee kwa dua. Mwambie kwa upole kwamba utakwenda, utafurahi, na usiku ule utavaa buibui lako zuri kuliko yote. Yakikubaliwa mlangoni, alhamdulillahi. Yasipokubaliwa, kaeni nyote katika ukumbi ule mwengine.

Na wewe mwanetu, umelipa pesa nyingi kuwafurahisha wazee wako, Allah akulipe. Usiyaharibu malipo yako kwa kumuomba mama yako avue kitu alichokivaa tangu wewe hujazaliwa. Usiku ule shika mkono wake na ingia naye. Ikiwa mlango mmoja utamkataa kwa sababu ya sitara yake, basi ondoka naye, ukale naye penye mlango ulio wazi. Hilo ndilo litakalobaki moyoni mwake, si ukumbi.

Tunamuomba Allah awasalimishe katika safari yenu baharini na atupe sote vazi la ucha Mungu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.