Albamu Inayoanzia Tengeru

Ziko familia za Kipoland, huko Uingereza, Kanada na Australia, ambazo picha yao ya kale kuliko zote ilipigwa Tengeru, karibu na Arusha. Watoto wamesimama mbele ya nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi, na nyuma yao Mlima Meru. Kabla ya hapo albamu haina kitu.

Februari 10, 1940, kabla ya mapambazuko, askari wa Kisovieti waligonga milango mashariki mwa Poland. Familia nzima nzima zilisombwa kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia. Wengine baadaye wakapelekwa Kazakhstan. Mama anayeamriwa kutoka na wanawe gizani, kwenye theluji, hubeba blanketi na unga. Picha za ukutani hubaki ukutani.

Hitler alipouvamia Muungano wa Kisovieti mwaka 1941, kiongozi wake, Stalin, akahitaji washirika, akawafungulia. Mwaka 1942 maelfu yao walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran pamoja na jeshi la Kipoland la Jenerali Anders. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake na watoto wengi wakaletwa Afrika: Masindi na Koja kule Uganda, Kidugala, Ifunda na Tengeru huku Tanganyika. Tengeru pekee ilipokea watu wapatao 5,000, wakajenga kanisa, wakafungua shule.

Ndipo kamera zikaanza kuwapiga picha, nao wakatabasamu. Tabasamu hilo ndilo linalonisumbua. Si la uongo, maana watoto hao walikuwa wameshiba. Lakini mdogo wao aliyezikwa kando ya reli hayumo pichani, na bibi aliyekuja kuwaonyesha wajukuu albamu hiyo mara nyingi hakumtaja. Wajukuu walirithi kimya chake, na mkono wake usioweza kutupa kipande cha mkate.

Nyumbani hapakuwa tena na pa kurudi. Mkutano wa Yalta, Februari 1945, uliiacha ardhi yao mikononi mwa Wasovieti. Kambi ya Tengeru ilipofungwa, wengi wao wakatawanyika ughaibuni.

Leo wajukuu hao huja Tengeru na kamera zao. Hupiga picha makaburi, yapatayo 150, jina baada ya jina. Kisha hutoa picha ya bibi na kutafuta mahali aliposimama. Misonge haipo. Hubaki kuugeukia mlima, wakisogea hatua moja kushoto, moja kulia, hadi kilele kikae kama kilivyokaa nyuma ya kichwa chake.