Chokaa Ifungayo Hewa: Funzo la Historia kwa Watunga Istilahi

Ndani ya mashine ya nusukaputi mna mkebe angavu uliojaa punje nyeupe. Hewa aitoayo mgonjwa hupita katika punje hizo, huacha humo kaboni dioksaidi, kisha humrudia pamoja na oksijeni na dawa ya usingizi. Tumezoea kuziita punje hizo kifyonza. Neno ni zuri, wala hatukusudii kulitangua. Lakini kufyonza ni jambo pana: kitambaa hufyonza maji na nyuki hufyonza utamu wa ua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa kazi ya punje hizi ni nyingine, na kuwa mfasiri asiyeitambua tofauti hiyo aweza kumdhuru mtu asiyemjua.

Waashi wa pwani yetu walilijua jambo hili kwa vitendo. Kwa karne nyingi, tangu Kilwa hata Lamu, walichoma matumbawe juu ya magogo ili kupata chokaa. Moto hufukuza kaboni dioksaidi iliyomo katika matumbawe. Chokaa ikisha kutiwa maji na kupakwa ukutani, huirudisha hewa hiyo polepole kutoka angani, ikawa jiwe tena.

Aliyelieleza jambo hili kitaalamu ni Joseph Black wa Uskoti. Katika tasnifu yake ya mwaka 1754 huko Edinburgh, na katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1756, alitumia mizani kuthibitisha kuwa magnesia na mawe ya chokaa hupungua uzito yakichomwa kwa sababu hutokwa na hewa. Aliipa hewa hiyo jina la Kiingereza lenye maana ya hewa iliyofungwa mahali. Yafaa tukumbuke kuwa jina lake hilo lilitokana na kufungwa, si kufyonzwa.

Mwaka 1831 Justus von Liebig, huko Giessen, Ujerumani, alibuni chombo cha kioo chenye tufe tano, akakitia maji ya potashi kali. Aliunguza kitu chenye kaboni, akapitisha humo hewa iliyotoka, kisha akapima uzito ulioongezeka. Kipimo hicho kisingekuwa na maana kama hewa ingaliweza kuponyoka baada ya kuingia. Karibu na mwaka 1850, daktari John Snow wa London alitumia potashi kali katika majaribio ya kuvuta tena mvuke wa klorofomu uliokwisha kutolewa pumzini.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, chokaa iliyochanganywa na kostiki soda, ile waijuayo watengeneza sabuni, ilitiwa pamoja na mkaa katika vinyago vya kujikinga na gesi za sumu. Mwaka 1924 Ralph Waters, daktari wa Marekani, alieleza faida za kuitumia kwa wagonjwa waliolazwa usingizi, na mwaka 1930 Brian Sword alieleza mashine ambamo hewa huzunguka. Dawa ya ghali haikupotea tena bure.

Mchanganyiko wa kawaida una takriban asilimia 80 ya chokaa iliyotiwa maji, asilimia 15 ya maji, na kostiki soda kidogo. Kaboni dioksaidi huyeyuka katika maji, hushikwa na kostiki soda, kisha huhamia kwenye chokaa na kuwa jiwe lile lile la mwashi. Joto hutokea. Maji ni ya lazima, na punje zikikauka huleta hatari: katika miaka ya 1990 ilibainika kuwa baadhi ya dawa za usingizi, zikipita katika punje kavu zenye alkali kali, huzaa kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1940, dawa iitwayo trikloroethilini ilipopitishwa katika chokaa yenye joto ilizaa sumu iliyodhuru neva za uso za wagonjwa.

Ndiyo sababu twapendekeza uangalifu katika mambo matatu. Kwanza, kifyonza libaki kuwa jina la kitu, lakini kitendo chake kielezwe kwa kitenzi kufunga. Mkaa, ushikao gesi juu ya uso wake tu, wapasa kitenzi kunasa. Pili, punje hutiwa rangi ya kuonya. Ziko zigeukazo kutoka nyeupe kuwa zambarau, na ziko zigeukazo kutoka waridi kuwa nyeupe. Mfasiri asiandike "rangi ikibadilika" tu, bali ataje rangi ya kwanza na ya pili.

Tatu, na hili ndilo kubwa, punje zilizomaliza kazi zisiitwe zilizojaa wala zilizochoka. Kilichojaa maji hukamuliwa kikatumika tena, na aliyechoka hupumzika akarudi kazini. Rangi ya zambarau huweza kufifia mashine ikikaa usiku kucha bila kazi, na asubuhi punje zikaonekana nyeupe kama mpya. Muuguzi aliyesoma kuwa "zimechoka" atadhani zimepumzika, ilhali zimekwisha kuwa jiwe. Tuseme zimekwisha nguvu, naye atajua kuwa ni za kutupwa.