Chungu cha Igbo-Ukwu Kilichovikwa Kamba

Waya wa umeme ni wa shaba, sinia la bibi ni la shaba, na mkimbiaji aliyeshika nafasi ya tatu huvishwa medali ya shaba. Kiswahili kimetosheka na neno moja pale ambapo mkemia anaona vitu vitatu: shaba tupu, shaba iliyochanganywa na zinki, na shaba iliyochanganywa na bati, ambayo siku hizi tunaiita bronzi. Bati nalo kwetu ni paa la nyumba (ambalo, kwa kweli, ni chuma kilichopakwa zinki), na risasi ni ya bunduki. Naomba msomaji aziweke kando maana hizo za mtaani, kwa sababu ugomvi ninaotaka kuusimulia ni wa shaba, bati na risasi zenyewe: nani alikuwa nazo miaka elfu moja na zaidi iliyopita, na alizitoa wapi.

Kilichonichokoza ni kibao. Katika jumba moja la makumbusho huko Ulaya nilisimama mbele ya picha kubwa ya chungu cha Igbo-Ukwu, na chini yake pameandikwa kwamba madini yake huenda yaliletwa na misafara kupitia Sahara. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira haikuisha kwenye basi.

Habari ya kugunduliwa kwa mahali hapo imeshasimuliwa sana, nami nitaipitia mbiombio. Mwaka 1938 Isaiah Anozie alikuwa akichimba birika la maji uani kwake, katika mji wa Igbo-Ukwu, kusini mashariki mwa Nigeria, akakumbana na vyombo vya bronzi. Majirani wakachukua vingine kwa ajili ya dawa. Ofisa wa Kiingereza, J. O. Field, akakusanya alivyoweza na kuviandikia taarifa mwaka 1940. Mwanaakiolojia Thurstan Shaw akaja kuchimba msimu wa 1959 hadi 1960, akarudi 1964, na maeneo matatu aliyoyachimba yakaitwa kwa majina ya ndugu wenye viwanja: Igbo Isaiah, Igbo Richard na Igbo Jonah. La kwanza lilikuwa ghala la vyombo vya heshima. La pili lilikuwa kaburi la mkubwa mmoja aliyezikwa ameketi, na mapambo yake yote mwilini. La tatu lilikuwa shimo. Katika maeneo hayo yote vikatoka vitu zaidi ya 600 vya shaba na bronzi, na shanga zipatazo 165,000. Vipimo vya kaboni, isipokuwa kimoja, vikaelekeza karne ya 9.

Sasa tukitazame chungu. Kina urefu wa sentimeta 32 hivi, kimekaa juu ya kigoda chake, na chote kimezungushiwa wavu wa kamba. Kamba yenyewe ni bronzi. Ukiisogelea unaona nyuzi zilivyosokotwa, unaona kila fundo limepita juu ya lipi na chini ya lipi, kama vile mwanamke alifunga mtungi wake ili aubebe, kisha mtu akapuliza na vyote vikageuka madini. Fundi hakukisubu kwa mkupuo mmoja. Alimimina kipande, akakiunga na kingine kwa madini ya moto, akaendelea hivyo hadi kamba ikakutana na kamba. Namna yake ni ile ya nta: unachonga umbo kwa nta, unalifunika kwa udongo, unachoma, nta inatoka na kuacha kalibu tupu. Wapo wanaodhani kwamba hapa pametumika utomvu wa mmea badala ya nta, kwa jinsi nakshi zilivyo nyembamba.

Paul Craddock wa British Museum alilitazama jambo hili kwa jicho la fundi, na alichokiona ndicho kinachonivutia kuliko uzuri wenyewe. Mafundi wa Igbo-Ukwu walijua kutofautisha kufua na kusubu: shaba tupu waliigonga, wakaipinda na kuisokota, bronzi yenye bati na risasi waliimimina, kwa kuwa mchanganyiko huo huyeyuka upesi na kutiririka hadi kwenye kona ndogo kabisa ya kalibu. Lakini mambo ambayo mfua shaba yeyote wa Mediterania aliyajua, kama kulehemu, kupiga ribiti na kuvuta waya, wao hawakuyafanya. Mwanafunzi hurithi hata uvivu wa mwalimu wake. Hawa hawana dalili ya mwalimu kutoka kaskazini.

Basi rai ya Sahara ilitoka wapi? Ilitokana na imani kwamba Nigeria haina shaba ya kuchimbika. Kama haina, lazima imeletwa. Na kama imeletwa, mletaji yuko jangwani. Shahidi aliyeitwa mara nyingi ni Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, maana mwaka 1353 aliona shaba ikichimbwa Takedda, katika nchi ya leo ya Niger, na kupelekwa Gobir na Bornu. Shahidi mzuri, ila amechelewa miaka mia tano. Shaw mwenyewe mwanzoni aliielekea rai hiyo. Mwaka 1973 Babatunde Lawal, msomi wa Nigeria, akaishambulia tarehe yenyewe: shaba nyingi namna hii na shanga nyingi namna hii, alisema, zinafanana zaidi na enzi za biashara ya Wareno. Shaw akamjibu mwaka 1975, akitetea vipimo vyake kimoja kimoja. Lawal hakuwa mjinga. Alihoji kitu kinachostahili kuhojiwa. Lakini pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya mlango ilikoingilia shaba, bila kuuliza kama iliingia.

Walioliuliza swali hilo ni V. E. Chikwendu na A. C. Umeji wa chuo kikuu cha Nsukka, ambao mwaka 1979 waliandika kwamba mbale za shaba, yaani mawe yenye madini hayo, zipo nchini, na kwamba upande wa Abakaliki, zaidi kidogo ya kilomita 100 mashariki ya Igbo-Ukwu, kuna risasi na shaba katika miamba ya bonde la Benue. Baadaye maabara ikaingia. Risasi ina atomu za uzito wa aina nne, 204, 206, 207 na 208, na tatu za mwisho huongezeka kadiri urani na thori zinavyooza ndani ya mwamba. Kila machimbo huwa na uwiano wake, na moto wa tanuri hauubadilishi. Risasi ya vyombo vya Igbo-Ukwu ikalingana na ya mbale za bonde hilo.

Mpinzani makini atasema: hiyo ni risasi, shaba je? Ana haki. Fundi akitia risasi kwa mkono wake, alama ya risasi ya shaba humezwa. Ndiyo maana vyombo vya shaba tupu, vyenye risasi chembe tu, vina uzito mkubwa katika kesi hii, pamoja na fedha nyingi iliyomo ndani yake. Atauliza tena mbona mbale za Abakaliki zina zinki na vyombo havina. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kabla shaba haijafikia 1,085 ya kuyeyuka. Inaondoka na moshi. Kwa bati najibu kwa unyonge zaidi: lipo nyanda za juu za Jos, mamia ya kilomita kaskazini, lakini halitoi ushahidi mwepesi kama risasi. Na shanga za kioo, hizo zilisafiri kweli kutoka mbali, labda kwa malipo ya pembe za ndovu. Anayenunua shanga si lazima awe amenunua na shaba.

Yaliyofuata ni marefu na nayaruka. Ufalme wa Benin ukapata shaba yake ya zinki kwa Wareno, kwa bangili za manila ambazo vipimo vya mwaka 2023 vimezirudisha hadi eneo la Rhine, Ujerumani. Watumwa, Waingereza, kisha vita vya Biafra vilivyopita juu ya Igbo-Ukwu yenyewe. Vyombo vingi vya mji huo viko Lagos, vingine London.

Shaw alichapisha majuzuu yake mawili mwaka 1970, mwaka vita vilipokwisha. Miaka miwili baadaye wenyeji wakampa cheo cha Onuna-ekwulu Ora, kinywa kinachosema kwa niaba ya Igbo-Ukwu. Mwaka 1989 makala ilitoka katika jarida la Archaeometry, kichwa chake kikizungumzia vyanzo vya Nigeria vya shaba, risasi na bati za Igbo-Ukwu. Waandishi walikuwa watano: Chikwendu, Craddock, Farquhar, Umeji, na yule mzee.