Rehani, neno linalofichwa hadi siku ya mnada

Siku nilipokwenda kuangalia chumba na sebule Kinyerezi, Dar es Salaam, baba mwenye nyumba alinipokea kwenye kibaraza kisicho na sakafu. Ndani kuta zilikuwa zimepigwa lipu, nje tofali ziko wazi, na upande wa pili wa nyumba ulikuwa umeishia kwenye lenta, haujapauliwa. "Mwanangu, mimi napokea ya miezi sita," alisema. Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba nianze na mitatu." Akatikisa kichwa. Dalali aliyekuwa pembeni akanitazama kama abiria anayechelewesha daladala. Nikalipa sita, na wa saba ukawa wake yeye dalali. Wiki iliyofuata kirikuu kilishusha mabati pale uani, na tangu hapo kila mvua iliponyesha nilikuwa naisikiliza kodi yangu juu ya paa la watu.

Mabati yale ndiyo yaliyonirudisha kwenye neno ambalo watafsiri tunahangaika nalo: kile Waingereza wanachokiita "mortgage". Kamusi zetu zinajibu haraka: rehani. Jibu si baya, ila limebeba mambo mengi.

Rehani imetoka kwenye Kiarabu, rahn, na kila mtu anaijua kabla ya kuingia benki. Bibi anaweka bangili zake rehani harusi ikikaribia. Kijana wa Dar es Salaam anasema ameweka simu bondi, maana ni ileile. Katika hizo zote kitu kinatoka mkononi mwako na kukaa kwa mwenye fedha mpaka ukikomboe. Nyumba haibebeki. Ukiiweka rehani unaendelea kulala humohumo, unapaka rangi, hata ukitaka unapangisha vyumba viwili vya uani. Kinachokwenda kukaa benki ni hati. Tena Tanzania hata ardhi yenyewe huwezi kuiweka rehani, kwa kuwa ni mali ya umma. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inakupa haki ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na hiyo haki pamoja na kilichojengwa juu yake ndivyo unavyomwekea mkopeshaji.

Pwani ilikuwa na ujanja wake wa kale. Zanzibar ya karne ya 19, mwenye shamba la karafuu aliyehitaji fedha alilifunga kwa mkataba wa bei ya khiyari. Kwenye karatasi alikuwa amemuuzia shamba mwenye fedha, huku akibaki na hiari ya kulinunua tena akirudisha alichopokea. (Hiari yetu ya leo na khiyari hiyo ni neno moja.) Riba ni haramu katika Uislamu, kwa hiyo haikutajwa. Badala yake aliyeuza alibaki palepale shambani na kumlipa mnunuzi kodi. Yaani mkopaji aligeuka mpangaji wa mali yake mwenyewe, na kodi ile ikafanya kazi ya riba. Sijaona mfano bora zaidi wa jinsi mkopo na upangaji vinavyokaa chungu kimoja.

Leo mabenki hayalipendi neno rehani. Kwenye bango kuna familia inayocheka na maneno "mkopo wa nyumba" au "mkopo wa makazi". Rehani inajitokeza baadaye: kwenye mkataba, kwenye fomu ya ridhaa ya mwenza (sheria inataka mume au mke aridhie nyumba ya familia kuwekwa dhamana), na mwisho kabisa kwenye tangazo la mnada gazetini. Mteja anakutana na neno lenye uzito akiwa ameshachelewa. Mimi naona huo ni ufichaji. Isitoshe, "mkopo wa nyumba" ni pana mno, maana unaweza pia kuwa mkopo mdogo wa kumalizia nyumba, unaotolewa bila hati yoyote kushikwa. Napendekeza tuseme "mkopo wa rehani ya nyumba". Ni mrefu, lakini unakueleza unachopata na unachoweza kupoteza.

Waliochukua mkopo huo ni wachache. Benki ya Nyumba ya Tanzania ilikufa 1995, na kwa miaka mingi hakukuwa na wa kuziba pengo. Sheria mbili za 2008, moja ya masharti maalumu ya mikopo ya nyumba na nyingine ya umiliki wa sehemu za majengo, ziliufungua mlango: benki ikapata uhakika zaidi wa kukamata dhamana, na fleti moja ndani ya ghorofa ikaweza kuwa na hati yake. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yakopeshe kwa muda mrefu. Benki zinazotoa mikopo hii zimetoka tatu hadi zaidi ya thelathini, na riba iliyokuwa asilimia 22 hadi 24 imeteremka kwenye 15 hadi 19. Hata hivyo deni lote la aina hii nchini halijafika asilimia moja ya pato la taifa, na wakopaji ni elfu chache, katika nchi ambayo Dar es Salaam peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022.

Sababu inaonekana ukishika kikokotoo. Chukua milioni 60, riba asilimia 17, miaka 15. Marejesho ni kama shilingi 923,000 kila mwezi, na mpaka umalize utakuwa umelipa milioni 166. Sasa nyumba hiyohiyo ukimpangisha mtu kwa laki tatu na nusu, pengo la kila mwezi utalijaza na nini? Ndiyo maana hapa mtu mwenye akili timamu hajengi nyumba ya kupangisha kwa mkopo wa benki. Wengi hata wangetaka wasingeweza: kiwanja chao kina karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa, au leseni ya makazi ya miaka mitano, si hati.

Uingereza mambo ni kinyume. Huko tangu 1996 kuna mkopo mahususi wa kununua nyumba ili uipangishe, kwa hiyo riba ya Benki Kuu ilipopanda hadi asilimia 5.25 mwaka 2023, wenye nyumba wengi walibanwa na wapangaji wakasikia maumivu. Kwetu kodi haiangalii riba kwa karibu namna hiyo. Inaangalia bei ya saruji na nondo.

Maana nyumba zetu zinajengwa kwa awamu: msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, kupaua Mungu akijalia, na kuhamia hivyohivyo. Fedha inatoka kwenye mshahara, kwenye kikoba, kwenye kuuza ng'ombe wa kijijini. Na inatoka kwa mpangaji. Kodi ya miezi sita au mwaka mzima watu huiita tamaa ya wenye nyumba, na wapo wenye tamaa kweli, lakini kiuchumi ni mkopo: mpangaji anatoa fedha leo, analipwa kwa kulala, kidogo kidogo. Riba hapati. Na rehani, tofauti na benki, hashiki yoyote.

Kuna istilahi moja ya kwetu inayonifurahisha: mpangaji mnunuzi. Iliwahi kutajwa kwa wakazi wa kota za Magomeni, nyumba 644 zilizofunguliwa Machi 2022, na mashirika ya nyumba ya umma huitumia pia. Huyu kila anacholipa kinamsogeza kwenye umiliki. Mpangaji wa Kinyerezi anacholipa kinasogeza paa la mwenzake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukidaiwa miezi sita, jua kwamba umeombwa mkopo. Kabla hujahesabu noti, dai mkataba wenye tarehe, na risiti.