Sakafu ya Nyumba ya Petrucci

Aingiaye katika nyumba ya fahari huinua macho atazame dari na picha za ukutani. Sakafu huikanyaga tu. Nasi twataka kusimulia habari za sakafu moja iliyotandikwa katika mji wa Siena, nchi ya Italia, nayo haipo tena mahali pake.

Siku zile Siena ilikuwa jamhuri kwa jina, bali mwenye nguvu alikuwa mtu mmoja, Pandolfo Petrucci, aliyeitwa il Magnifico, yaani Mtukufu. Utawala wake ulikuwa wa mkono mgumu. Mwaka 1500 alimwua Niccolò Borghese, naye ni mkwewe, baba wa mkewe mwenyewe. Mwaka 1503 alifukuzwa mjini kwa shauri la Cesare Borgia, akarudishwa upesi kwa msaada wa mfalme wa Ufaransa. Mtu wa namna hii aweza kuwa na askari na fedha, lakini heshima ya ukoo hainunuliwi sokoni. Basi akaitafuta katika ndoa. Mwaka 1509 mwanawe Borghese, mwenye jina la ukoo wa babu yule aliyeuawa, alimwoa Vittoria wa ukoo wa Piccolomini. Ukoo huo ulikuwa umekwisha kutoa Mapapa wawili, Pius wa Pili na Pius wa Tatu, na Vittoria alikuwa binti wa ndugu yake huyo wa Tatu, aliyekaa kitini siku 26 tu.

Ndipo vigae vikatengenezwa. Udongo ulikandwa, ukakatwa, ukakaushwa, ukachomwa tanuruni. Kisha kila kigae kilipakwa uji mweupe wenye bati, na juu ya weupe huo fundi akachora kwa mkono: samawati kwa kobalti, kijani kwa shaba, zambarau kwa manganisi, manjano kwa antimoni. Weupe ule, kabla haujachomwa, huinywa rangi kama vumbi linywavyo tone la maji. Akikosea, hana la kufuta. (Walimu waliowafundisha watoto kuandika kwa wino watamhurumia.) Halafu kigae hurudi motoni, na rangi hushikamana nacho.

Katikati ya majani na viumbe vya ajabu zilichorwa nembo, na mwaka 1509 ukaandikwa. Nembo ya Piccolomini ni ngao nyeupe yenye msalaba wa samawati, na juu ya msalaba miezi mitano miandamo ya dhahabu. Msomaji wa pwani asidhani kwamba mwezi huo ni alama ya Uislamu. Koo nyingi za Ulaya ziliuweka katika ngao zao. Katika maktaba ya Piccolomini, ndani ya Kanisa Kuu la Siena, miezi hiyo imejaa sakafuni. Kwa hiyo mgeni wa Pandolfo, asipoambiwa neno lolote, alitambua mara moja ni watu gani walioungana na nyumba ile.

Faida yake haikudumu. Pandolfo alifariki mwaka 1512. Borghese akashika mahali pake, na mwaka 1516, mwaka wa saba wa ndoa, alifukuzwa mjini, akaingia Raffaello Petrucci, binamu yake, aliyekuwa askofu. Jamhuri yenyewe iliangushwa mwaka 1555. Vigae vikabaki, vikakanyagwa na watu wasiomjua bwana wala bibi harusi.

Katika karne ya 19 vilianza kung'olewa. Mwaka 1857 jumba la makumbusho la London, ambalo leo laitwa Victoria and Albert, lilivipata mamia. Picha za ukutani nazo ziliondolewa. Ile ya Penelope na wachumba wake, kazi ya Pinturicchio, imo katika National Gallery, mji uo huo. Nyumba ingali Siena, karibu na mahali pa ubatizo pa Kanisa Kuu, na aingiaye leo hakanyagi miezi ya Vittoria.