Mti Ukipita Motoni: Kutoka Chuma cha Wahaya Hadi Sufuria Yetu ya Maharage

Wiki hii tunaongelea historia ya kitu tunachokishika kila siku: mkaa, au makala kama tunavyosema wengi wetu tuliotoka Kongo.

Kwanza tuelewe mti unabadilikaje. Kuni mbichi zimejaa maji, na moto unapoteza nguvu kuyakausha hayo maji kabla sufuria haijachemka. Ndiyo maana zinatoa moshi tu. Lakini mti ukifunikwa na udongo, ukapata joto bila hewa ya kutosha, hauishii kuwa jivu. Maji yanatoka kwanza. Joto likipita nyuzi 200 hivi, mti wenyewe unaanza kuvunjika, gesi na lami zinatoka na moshi. Likifika 400 au 500, kinachobaki sehemu kubwa ni kaboni. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati kama megajuli 16, lakini kilo ya mkaa ina karibu 30.

Joto hilo kali lina historia ndefu. Huko Buhaya, mkoa wa Kagera, Tanzania, watu walikuwa wanatengeneza chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Tanuri la chuma linataka joto la kupita nyuzi 1,100, na kuni za kawaida haziwezi. Tena gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka ndiyo inayoondoa oksijeni kwenye mawe yenye chuma. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri kama la zamani, na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika habari hizo katika jarida la Science. Kumbe mababu hawakusubiri kufundishwa!

Ila kuna bei. Kwenye tanuri la udongo, kilo 100 za mti zinatoa mkaa kilo 10 mpaka 20 tu. Hebu tupige hesabu: kilo 100 za kuni kavu ni megajuli 1,600, kilo 15 za mkaa ni 450. Karibu robo tatu ya nishati imebaki porini. Wafua chuma walilipa bei hiyo wakapata jembe la kutumia miaka. Sisi tunailipa kila siku kwa sufuria moja ya maharage.

Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma. Kambi za Kibumba na Mugunga zilikuwa pembeni ya hifadhi ya Virunga, na watu walikata miti ili wapike. Mwaka huohuo UNESCO ikaiweka hifadhi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mpaka leo tunaambiwa, "Wakimbizi wanamaliza msitu." Hatukatai, miti ilikatwa. Lakini mama akipewa mahindi na maharage bila kitu cha kupikia, afanyeje? Ugali hauivi kwa jua. Ndugu zetu wa mashirika, tunaomba nishati ya kupikia ihesabiwe pamoja na chakula.

Na sisi tusikae tu. Tukaushe kuni, tuzipasue ndogondogo, tuloweke maharage usiku, tufunike sufuria. Kila kuni tunayookoa inampunguzia dada yetu safari ya porini.

Kwenu gunia moja linakaa siku ngapi? Tuambiane.